Neno la Kaka Lililonyamazishwa na Mwavuli wa Manjano

Banda la Nyavu,
Upande wa Mlangoni,
Kijiji cha Wavuvi.
Ijumaa, kabla wageni hawajafika.

Kwa Ndugu Meneja,
Matembezi ya Nusu Siku: Mji wa Kale na Kijiji cha Wavuvi.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MILA AMBAYO HAIJAWAHI KUWEPO

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini u mzima wa afya. Kama hu mzima, pole sana, lakini barua hii ni ndefu na nakuomba uimalize hata ukiwa kitandani.

Mimi ni fundi wa nyavu. Ukifungua kipeperushi chenu ukurasa wa tatu utaniona: ni yule wa kushoto, mwenye shati la mistari, aliyeinamisha kichwa kama mtu anayesali. Sikuwa nasali. Nilikuwa natafuta ncha ya uzi. Yule wa kulia, upande wa dirishani, mwenye miwani iliyofungwa kamba, ni kaka yangu wa tumbo moja. Amenizidi miaka minne na anaishi kama amenizidi arobaini. Chini ya picha mmeandika: "Banda la Kimya, saa 4:35 hadi 5:10." Malalamiko yangu ni sita, na nimeyapanga kuanzia dogo kwenda kubwa ili usichoke mapema.

1. Kuhusu mgawanyo wa muda. Matembezi yenu yanaanza saa moja na nusu asubuhi. Mji wa kale mnaupa zaidi ya saa mbili: lango la mawe, nyumba ya forodha, ghala lenye nyufa, na mnara wa saa. Saa ile, Ndugu Meneja, ilisimama marehemu baba yangu akiwa kijana. Wageni husimama mbele yake dakika ishirini nzima wakiitazama ikiwa haifanyi kazi. Sisi tunaofanya kazi tunapewa dakika thelathini na tano, na katika hizo kumi ni za kwenda chooni kwa shemeji, mke wa kaka. Sina wivu na saa. Nasema tu kwamba kama kusimama ndiko kunakolipa heshima, mngetuambia mapema.

2. Kuhusu mila yenyewe. Mwongozaji wenu, yule dada mwenye mwavuli wa manjano ambaye hapa kijijini tunamwita Mwavuli, huwaambia wageni kila siku isipokuwa Jumapili kwamba mafundi wa nyavu wa hapa hawasemi wakiwa kazini. Anasema neno likitamkwa juu ya wavu hunasa humo, na samaki hulisikia na kukimbia. Huyasema hayo mara mbili, kwa lugha ya wageni na kwa lugha yetu, kwa sauti ya chini, akiwa ameufunga mwavuli. Ni maneno mazuri. Mimi mwenyewe siku ya kwanza yalinisisimua mwili. Tatizo lake ni moja tu, hayana ukweli hata wa kulamba.

Sisi hatusemeshani kwa sababu tumenuniana. Basi. Ni miaka sita sasa.

Naona niieleze, maana huwezi kutoa hukumu bila kusikia kesi. Siku ya tatu baada ya kumzika baba, watu wakiwa bado wamejaa uani, mtu mmoja aliuliza nani atabaki na banda. Kaka akajibu kwamba banda ni la wote wawili, na hapo alisema vyema. Kisha akaongeza, watu wote wakisikia: "Ila mafundo ya mdogo wangu yanateleza. Mimi nitakuwa nafunga, yeye awe anakata nyuzi." Watu wakacheka, maana msibani mtu hutafuta pa kuchekea. Mimi niliweka sahani chini nikaondoka. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, na kaka siku ile alijikwaa ulimi mbele ya kijiji kizima.

Uelewe, Ndugu Meneja, mimi natumia mkono wa kushoto. Fundo langu linalala upande wa kushoto na la kaka linalala kulia. Ukishika wavu wetu wowote gizani, kwa kidole tu, utajua hapa alipita nani. Fundo langu halitelezi. Linaelekea kwingine tu. Miaka sita hakuna mvuvi aliyerudi na wavu akaniambia fundo limefunguka, na wavuvi si watu wa kuficha jambo.

Lakini baba alisema banda lisigawanywe, na hatukulipitishia ukuta. Tunatundika wavu kati ya nguzo mbili. Kaka anaanzia dirishani, mimi naanzia mlangoni, tunakutana katikati. Tukikaribiana sana, mmoja huinuka kwenda kujisaidia na mwenzake hufunga macho ya mwisho ya wavu. Habari za kazi hupelekwa na shemeji, ambaye huuza mboga kibarazani. Huja akasema, "Wa dirishani anasema uzi mnene umeisha," nami namsikia wa dirishani akipumua hatua tatu kutoka nilipo. Mwaka wa pili shemeji alichoka. Alitutangazia kwamba yeye atabeba habari za nyuzi, sindano na vyelezo vya kuelesha wavu, basi, na mambo ya moyo tuyapeleke wenyewe kwa miguu yetu.

Katika hali hiyo ndipo alipoingia Mwavuli, miaka miwili iliyopita, na kundi lake la kwanza. Alimwuliza kaka jambo linalonihusu, kaka akatazama dirisha. Akaniuliza mimi jambo linalomhusu kaka, nikatazama mlango. Wageni wakawa wanangoja maelezo. Nilimwona dada wa watu anatazama paa, midomo imemkauka, halafu akafungua kinywa na mila ikatoka.

Utauliza kwa nini hatukumsahihisha. Kumsahihisha kungetaka tuseme mbele ya wageni kwamba watoto wa baba mmoja hawasalimiani. Mimi nilimtazama kaka, kaka akanitazama mimi, kila mtu akarudi kwenye uzi wake. Hilo lilikuwa jambo la kwanza tulilokubaliana tangu msiba.

3. Kuhusu mateso ya kazini. Ugomvi wetu ulikuwa wa watu wawili na ulikuwa na nafasi ya kupumua. Niliweza kukohoa. Niliweza kuimba nikimkera. Niliweza kumwambia mke wangu kwa sauti, akiwa mlangoni, mambo ambayo nilitaka yafike dirishani. Mila yenu imenifunga yote hayo. Nikikohoa, wageni kumi na sita wanashtuka kama nimevunja sanduku la msikiti. Mwezi uliopita nilijichoma kidole gumba kwa sindano hadi machozi yakanitoka, na mama mmoja wa makamo akaanza kulia pamoja nami kwa kuguswa na utulivu wangu.

Kuna na lile la nyigu. Nyigu alitua shingoni kwangu wageni wakiwa wamejaa. Kaka alimwona. Zamani angemwacha aniume na angefurahi kimyakimya, ndiyo haki ya mtu aliyenuna. Siku hiyo akanikonyeza kwa jicho, akainua kidevu polepole, mara mbili. Mimi nikaelewa, nikainamisha kichwa, nyigu akaruka. Wageni wakafuatisha: wote kumi na sita wakainua videvu, wakainamisha vichwa. Toleo jipya la kipeperushi linasema ni salamu ya kale ya mafundi. Sasa tunalazimika kuifanya kila siku saa nne na dakika arobaini.

4. Kuhusu mila kusambaa. Uongo wenu ungebaki bandani ningeuvumilia. Haukubaki. Mafundi wa banda la pili, ambao walikuwa watu wa porojo tangu wazaliwe, nao sasa wamenyamaza, wakitumaini kuongezwa kwenye ratiba. Nahodha mmoja akirudi na samaki wachache huja kuuliza nani alisema juu ya wavu wake. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye anaijua kesi yetu vizuri kwa sababu alikuwa mmoja wa waliocheka msibani, ametundika kibao cha mbao: HAPA HAKUSEMWI TANGU KALE. Wiki ile ile aliniita ofisini kwake kwa kosa la kumwambia mgeni "karibu". Nilimkumbusha kwamba kale hiyo ina miaka miwili. Akanijibu kwamba kila kale ilianza siku fulani, na kwamba nisiwaharibie wenzangu.

Na nyumbani? Mke wangu ameipenda mila. Nikianza kueleza kasoro ya mchuzi, anaweka kidole mdomoni na kunikumbusha samaki.

5. Kuhusu Jumanne. Hapa ndipo naanza kulalamika kweli, na nakuomba kama ulikuwa umejilaza ukae.

Jumanne ya wiki iliyopita wageni walifika kwa wakati. Salamu ya nyigu tuliifanya. Saa nne na dakika hamsini, Mwavuli akiwa katikati ya yale maneno yake ya samaki, kaka aliweka uzi chini. Akavua miwani. Akanigeukia mimi, si dirisha, mimi, na kwa sauti iliyokwaruza kama bawaba ya mlango usiofunguliwa siku nyingi, akasema: "Mdogo wangu..."

Miaka sita, Ndugu Meneja! Nilidhani nimesikia vibaya. Nikafungua kinywa kuitika, na kabla sijaitika, Mwavuli akasema "Shhh!" Akasema kwa upole, kama mtu anayemzuia mtoto asimwage maji. Wageni wote kumi na sita nao wakasema "Shhh!" kwa heshima kubwa ya mila zetu. Na mtu mmoja zaidi alimnyamazisha, ambaye nitamtaja nikifika mahali pake.

Kaka alibaki ameachama. Midomo yake iliendelea kidogo bila sauti, kisha ikafungwa. Akavaa miwani, akarudi kwenye wavu. Tangu siku ile haiguswi tena hata salamu ya nyigu. Anatazama dirisha tu, na ninyi mnawaambia wageni anatafakari.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Maana yake mtu asiyehusika aende shambani akashughulike na yake. Ninyi mmechukua kamera.

6. Kuhusu kilichofuata. Leo ni siku ya kumi. Sili vizuri, na usingizi ni wa kukopa. Hata nyonga ya kulia inaniuma tangu Jumanne ile ile, inachoma nikiwa nimekaa kazini na nikisimama inapoa, na mke wangu anasema si ugonjwa, ni huzuni imeteremka. Ninachojiuliza ni kimoja: mdogo wangu, halafu nini?

Yanawezekana mawili. La kwanza ni "Mdogo wangu, nisamehe." La pili ni "Mdogo wangu, fundo lako limefunguka." Nimesimama mbele ya kioo nikiyatamka yote mawili bila sauti na kuhesabu midomo inavyofunguka. Kaka alifungua midomo zaidi ya "nisamehe", hilo nina uhakika nalo. Lakini huenda alitaka kusema "nisamehe sana". Au huenda alikuwa anamaliza kazi aliyoianza msibani. Mtu mzima mwenye wajukuu, nashinda mbele ya kioo nikipapasa midomo yangu kwa kidole.

Mtaniambia nimwulize. Siwezi. Aliyekosa ni yeye, na aliyeanza kusema ni yeye. Nikimwuliza nitakuwa nimemwokoa katikati ya mto kabla hajavuka. Shemeji naye hagusi mambo ya moyo. Nilijaribu kumwambia ampelekee kaka swali hilo kama habari ya nyuzi. Akanicheka usoni.

Na muda hautoshi. Tangu Jumanne kaka hatumii tena sindano ya baba, ile ya pembe, iliyolainika kwa mkono wa baba mpaka inang'aa. Anashonea ya plastiki. Nimeelewa maana yake: ameiweka sindano ya baba mbali, anaiaga kazi. Macho yake yamechoka, anapapasa tundu kabla ya kulifunga. Juzi nimeona shemeji ameanika sanduku la nguo juani. Jana kaka amewahamishia kuku wake kwa jirani. Binti yao anaishi mbali, kusiko na maji wala samaki, na siku nyingi anawaita wakakae kwake. Sihitaji kuambiwa. Kaka yangu anahama, na anahama na nusu ya sentensi yangu mdomoni.

Sasa yule mtu mmoja zaidi. Ni mimi. Mwavuli aliposema "Shhh" kidole changu nacho kilipanda mdomoni. Sikukituma. Miaka miwili ya mila yenu kimezoea, wageni wakiwepo na mtu akisema, kinapanda chenyewe. Kaka alikitazama kidole hicho, Ndugu Meneja. Wageni hakuwatazama, wala Mwavuli. Alitazama kidole changu, ndipo akafunga mdomo. Hiyo ndiyo picha ninayolala nayo, na ingekuwa heri mngeiweka hiyo kwenye kipeperushi.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba yafuatayo.

Kwanza, mtafuteni mgeni wa Jumanne ile, mwanamke mwenye kofia nyekundu, aliyekuwa anarekodi kwa simu akiwa amepiga goti karibu na ndoo. Aniletee ile picha yake, hata kama haina sauti. Kioo ninacho.

Ikishindikana, Mwavuli aje atangaze bandani, kwa sauti ile ile ya chini na mwavuli ukiwa umefungwa, kwamba mila imekwisha. Yeye ndiye aliyeileta, na hapa kijijini hawataamini ikiondolewa na mwingine, hata na mimi ambaye nafahamu haikuwepo.

Na hilo nalo likishindikana, basi warudisheni wageni wale wale kumi na sita, siku ya Jumanne, saa nne na dakika hamsini, kila mmoja akae alipokaa. Anayetoka mbali apewe taarifa mapema. Kaka ataweka uzi chini, atavua miwani, ataanza upya. Safari hii mikono yangu nitaikalia.

Nakushukuru kwa kunisoma. Msalimie dereva wa basi lenu, amwambie yule mzee wa kiti cha mbele kwamba kofia yake tumeiona na tunaitunza. Wasalimie wapishi, wafagizi, na fundi wa saa ya mnarani kama bado mnaye. Mwavuli mwenyewe msalimie pia. Sina chuki naye, alikuwa anatafuta cha kusema, kama sisi sote.

Wako katika kuunganisha vilivyokatika,

Fundi wa Upande wa Mlangoni.

NYONGEZA, Jumapili.

Ndugu Meneja, naomba uyafute malalamiko yote sita, isipokuwa lile la saa mbovu.

Barua hii nilimpa shemeji jana asubuhi aifikishe ofisini kwenu akienda kuchukua mboga mjini. Sikuifunga vizuri. Shemeji aliisoma, kisha akaona ni habari ya nyuzi na sindano, kwa hiyo inaruhusiwa, akamsomea kaka yote kwa sauti. Nasikia kaka alimwomba arudie nyigu mara mbili.

Saa nne na robo alikuja bandani. Hakwenda dirishani. Alikuja upande wa mlangoni, ambako hajakanyaga miaka sita, akasimama mbele yangu, akavua miwani na kusema: "Mdogo wangu, umekalia sindano yangu."

Nikainuka. Chini ya gunia ninalokalia, upande wa kulia, palikuwa na sindano ya baba. Ilimponyoka Jumanne ile akaiona inateleza na kuingia chini yangu. Nilimwuliza kwa nini hakumtuma shemeji. Akasema neno alilolianza kwa mdomo wake alitaka kulimaliza kwa mdomo wake, na kama mimi nimemwekea kidole basi niendelee kukaa. Nimekaa siku kumi na moja. Nyonga imepona.

Wala hahami. Anakwenda mjini kutolewa mtoto wa jicho na atarudi baada ya wiki mbili. Kuku aliwapeleka kwa jirani kwa sababu aliona aibu kuniomba mimi. Nilimwambia hiyo ni dharau. Akasema dharau ni mimi kumwandikia meneja badala yake. Nikamkumbusha msiba. Hapo alishika fundo langu moja na kulivuta kwa nguvu zake zote, mguu ameukanyagia nguzoni. Halikuteleza. Akasema ni uzi mzuri. Kisha akasema alikosea, miaka yote hii amekosea, na mimi nikalia, sina sababu ya kukuficha.

Tulikuwa tunapiga kelele wote wawili, tukivutana juu ya nani aliyevunja kibatari cha baba tukiwa wadogo, wageni walipoingia. Mwavuli alisimama na mwavuli wake wazi, akatutazama, akatazama paa. Kisha akawaambia wageni, kwa sauti ya chini, kwamba leo wana bahati ya pekee, kwani mila inawaruhusu mafundi kusema siku moja tu kila baada ya miaka sita. Wageni walipiga makofi. Mimi nilimtazama kaka, kaka akanitazama mimi. Hakuna aliyemsahihisha.

Kwa hiyo naomba mila iendelee. Kaka hajafunga mdomo tangu jana, na habari yenyewe ni kibatari kile kile. Zile dakika thelathini na tano nitazihitaji kuliko mgeni yeyote.

Ila naomba wiki mbili hizi msilete watu. Anaondoka kesho. Ameniachia sindano ya baba na upande wa dirishani, nifunge pande zote mbili hadi arudi. Banda litakuwa na kimya cha kweli, na hicho sitaki kitazamwe.